Usiachie Mpaka Aseme

Katika karakana ile ya vioo hapakuwa na tangazo ukutani wala onyo mlangoni. Sheria ilikuwapo moja tu, na kila aliyeingia aliifuata hata kabla ya kujua kwamba ipo. Ukimpa mwenzako kitu, mpe kwa mikono miwili, na usiachie mpaka aseme "nimeshika".

Aliyeianzisha alikuwa marehemu mzee mwenye karakana, siku kioo cha dirisha la duka kilipoanguka katikati ya mikono minne, kila mtu akiamini kwamba mwenzake anacho. Mzee alibaki na kovu kiganjani na wazo moja kichwani, na wazo lile alilitunza kuliko kovu. Sheria ilianzia kwenye vioo, ikahamia kwenye nyundo na skrubu, ikapanda ngazi mpaka jikoni, ikaingia kwenye vikombe vya chai na kibakuli cha chumvi. Mwuza nyanya wa ng'ambo ya barabara aliizoea. Wateja walicheka siku ya kwanza, siku ya pili wakasema "nimeshika" wenyewe wakipokea chenji. Na Mama Kioo, binti wa mzee huyo na mwenye karakana sasa, alipovishwa pete siku ya harusi yake alisema "nimeshika" mbele ya wageni wote, mpaka mfungishaji ndoa akainua macho kwenye karatasi zake.

Mama Kioo hakuwa akiifikiria sheria hiyo, kama vile mtu asivyofikiria kupumua. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu lilikuja kumtia aibu mbali sana na nyumbani.

Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa katika mji wa mbali wanakozungumza Kichina, na huko alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kama mkate, lakini mzima. Habari ilipofika, Mama Kioo aliketi juu ya ndoo ya puti, ule udongo wa kubandikia vioo, akalia kidogo, kisha akafuta machozi kwa kiwiko maana mikono ilikuwa na vumbi la kioo, akaanza kuulizia tiketi.

Siku chache baadaye binti alipiga simu ya video. Mama Kioo alikuwa ameibana simu kwenye fremu ili aongee huku akifanya kazi. Alikuwa na kioo kirefu mezani. Akapitisha kalamu ya kukatia, akakisogeza ukingoni, akakibonyeza. Kah. Kipande cha pembeni akakitupa kwenye pipa. Chwaa.

Nyuma ya bega la binti alionekana mwanamke mwenye nywele fupi za mvi, kifuani amekibana kifurushi cheupe. Huyo alikuwa mama mkwe wa binti, bibi wa kuumeni. Mama Kioo akampungia mkono wenye glavu. Bibi akainamisha kichwa kwa heshima, akasema jambo. Binti akajifanya anarekebisha simu.

"Amesema nini?" akauliza Mama Kioo.

"Hakuna kitu, mama."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuzaa."

Binti akashusha pumzi. "Anauliza kwa nini kila akikuona unavunja vitu."

"Mwambie nakata."

"Nimemwambia. Anasema kukata anakujua, anakata mboga kila siku, na hazilii hivyo."

Kutoka nyuma ya karakana Shemeji, mdogo wa marehemu mume wake, akabonyeza kioo chake naye. Kah. Chwaa. Yule bibi akarudi nyuma hatua moja na kifurushi chake.

"Lakini anakukaribisha, mama," binti akasema harakaharaka. "Anakukaribisha kwa moyo mweupe kabisa. Ametandika kitanda chako tayari. Utamwona mtoto."

Mama Kioo aliweka kalamu mezani. Mtu aliyekata vioo maisha yake yote anajua ufa utapita wapi kabla haujapita.

"Nitamwona," akasema.

"Ndiyo. Utamwona."

"Kwa macho."

"Kwa macho, mama."

"Na kumpakata?"

"Hilo hajalisema," binti akajibu. "Usimwone mbaya. Huyu mtoto alikaa hospitali kwenye kisanduku cha kioo, na yeye alisimama nje ya hicho kisanduku kutwa nzima. Sasa hamwachii mtu. Hata baba wa mtoto, mwanawe wa kumzaa, anapewa akiwa ameketi, na mito kila upande."

Mama Kioo hakumwona mbaya. Alisema atasafiri, na simu ilipokatika alisimama akiitazama mikono yake kama vile amepewa na mtu mwingine amtunzie.

*

Kaka mkubwa wa Mama Kioo aliitwa Kamusi, kwa kuwa hakukuwa na jambo duniani ambalo ungemuuliza akakosa jibu. Kuhusu Kichina na wenyewe alikuwa na ujuzi maalumu. Zamani aliwahi kuweka vioo katika ofisi za wahandisi wa barabara waliozungumza lugha hiyo, nao wakamkaribisha chakula cha mchana siku moja. Kutokana na mlo ule mmoja alipata maarifa ambayo mpaka leo hayajaisha.

"Hatakunyima mtoto kwa sababu ya vioo," alimwambia dada yake. "Atakunyima ukikosa adabu. Ukiwa na adabu zao, hata ukivunja nyumba watakupa mtoto. Tuanze leo."

"Tuanze na nini, kaka?"

"Na kula. Kila kitu kule kinaanzia mezani."

Vijiti vya kulia hawakuwa navyo, wakatumia zile mbao nyembamba za kubania vioo kwenye fremu. Wali ulikuwa rahisi mno, kwa maoni ya Kamusi, basi akamwagia skrubu sahanini. Mchana wote Mama Kioo aliokota skrubu kwa vijiti akazihamishia kwenye kopo.

"Shemeji," akasema yule shemeji yake, kiti amekielekeza vizuri ili asikose kitu, "kule utapewa chakula, au unakwenda kufunga madirisha?"

"Cheka tu. Zamu yako inakuja."

"Mimi siendi popote. Mimi nitakula kwa mkono mpaka nizikwe."

Kesho yake Kamusi alileta meza ya kuzunguka. Alichukua duara kubwa la kioo, akalifunga juu ya beringi aliyoitoa kwenye mashine mbovu ya kufulia, na kweli ikazunguka. Ikazunguka vizuri kupita kiasi. Shemeji alipoigusa kwa kidole, bakuli la mchuzi liliruka likamkuta fundi umeme aliyepita kuomba kuazima ngazi. Kamusi hakubabaika. Alieleza kwamba meza hiyo husukumwa polepole, kwamba unawapakulia wengine kwanza, na kwamba kipande cha mwisho hakiliwi na mtu mwenye malezi. Siku hiyo kipande cha mwisho cha nyama kilizunguka mezani tangu adhuhuri mpaka wakati wa kufunga, wote wakikitazama kwa malezi, mpaka paka asiye na mwenyewe akapanda mezani akawapunguzia mzigo.

Likafuata somo la kunyenyekea. Ukisifiwa, ukatae. Ukipewa zawadi, ukatae kwanza, ukatae tena, ndipo upokee. Mama Kioo, ambaye alizoea kufanya jambo mpaka limkae mwilini, alianza kunyenyekea hata kwa wateja.

"Kazi nzuri sana hii," alisema mwenye saluni aliyekuja kuchukua vioo vyake vya ukutani.

"Mbaya," akajibu Mama Kioo. "Vimepinda. Sisi mafundi hovyo tu."

Mteja akaviangalia vioo upya. Vilikuwa vimenyooka kama maji kwenye beseni, lakini akaondoka bila kuvichukua.

"Umejibu vizuri mno," akasema Kamusi.

Somo la kugonganisha vikombe nusura lifunge karakana. Kamusi alifundisha kwamba kikombe chako kiwe chini kidogo ya kikombe cha mkubwa wako. Akamwita Shemeji waoneshe mfano. Shemeji akashusha kikombe chake cha maji. Kamusi, kwa unyenyekevu, akashusha chake zaidi. Shemeji akachutama. Kamusi akapiga magoti. Mwishowe wote wawili walikuwa wamelala kifudifudi, shavu sakafuni, vikombe vimegusa saruji, na hakuna aliyekubali kuwa mkubwa. Mwuza nyanya alichungulia, akawatazama, akaondoka bila kuuliza. Alikuwa amezoea.

Zawadi nayo ilikuwa na mambo yake. Visu, hapana, vinakata udugu. Saa, hapana, inamhesabia mtu siku zake. Mama Kioo akasema basi atatengeneza kitu cha kioo, kisanduku cha kuwekea peremende, maana hiyo ndiyo lugha anayoijua.

"Pande ngapi?" akauliza Kamusi.

"Nne. Kisanduku kina pande nne."

"Nne hawaipendi, kwao inatamkwa kama kifo. Nane wanaipenda."

"Kaka, kisanduku cha pande nane nani amekiona?"

"Watakiona kwako."

Akakitengeneza. Alikipiga msasa kila ukingo mpaka ukawa laini kama mdomo wa kikombe, akaunganisha pembe kwa gundi isiyoonekana, akatia mfuniko. Kilipokamilika hata Shemeji alikosa la kumtania. Wakakifunga karatasi nyekundu, kwa sababu Kamusi alisema nyeupe ni ya msiba, na akaongeza jambo moja la kukumbuka: zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa. Wataiweka pembeni na hawataitaja. "Na wewe usiitaje."

Mambo ya kawaida hayakusahauliwa. Dawa zake za presha ziliwekwa pamoja na cheti cha daktari. Ilinunuliwa pini ya umeme inayoingia kwenye soketi za kule. Simu ilitiwa ile programu ya kutafsiri. Anwani ya binti iliandikwa kwa maandishi ya Kichina kwenye kadi, na Kamusi akaitoboa akamvalisha dada yake shingoni kwa uzi.

"Ukipotea, onesha kadi."

"Nikipotea na kadi je?"

"Wakupeleke iendako kadi."

Somo la mwisho lilikuwa la mtoto. Shemeji alifunga kitambaa kichwani akawa bibi wa kuumeni. Kopo la puti lilivingirishwa blanketi likawa mjukuu. Mama Kioo alinawa mikono, akasogea, akainama kidogo. Shemeji akakataa kwa macho. Akasogea tena. Shemeji akakunja uso kama mtu aliyeonja ndimu, kisha akalegea, akanyoosha kopo kwa mikono miwili.

"Nimeshika," akasema Mama Kioo.

Shemeji akaachia.

"Safi," akasema Kamusi. "Hakuna kilichobaki. Umeiva."

Wote watatu walikuwapo pale, wakiwa na masikio yao, na hakuna aliyelisikia neno lile.

*

Ndani ya ndege alikula kwa vijiti mpaka jirani yake akamsifu, naye akamjibu kwamba anakula vibaya sana. Baada ya chakula mhudumu alipita kukusanya sinia. Mama Kioo akampa yake kwa mikono miwili. Mhudumu akashika, akavuta. Sinia haikutoka. Akatabasamu, akavuta tena. Mama Kioo naye akatabasamu, akasubiri. Walikaa hivyo wakitazamana kwa upole, sinia katikati yao, foleni ya choo ikijaa nyuma, mpaka mhudumu aliposema jambo kwa lugha yake. Haikuwa neno lenyewe, lakini lilikuwa neno, na vidole vikakubali.

Ajabu, alijisemea Mama Kioo, na akalala.

Kwenye dirisha la uhamiaji mambo hayakuwa laini hivyo. Alinyoosha pasipoti kwa mikono miwili. Ofisa akaishika. Pasipoti ikabaki hewani. Ofisa akamtazama usoni, akatazama vidole, akavuta kwa nguvu zaidi, na Mama Kioo, kwa mazoea ya mtu ambaye kioo kinataka kumponyoka, akakaza zaidi. Ofisa wa pili akaja. Wakazungumza. Yule wa pili akainama, akaanza kumfungua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto mkasi.

Hapo ndipo Mama Kioo alipoisikia sheria ya baba yake kwa mara ya kwanza maishani. Kamusi alimfundisha skrubu, meza na vikombe. Hakumfundisha hili, kwa sababu Kamusi naye hakuachii kitu mpaka useme. Sasa alikuwa anakwenda kumkabidhi zawadi mwanamke anayemwogopa, na angeing'ang'ania mbele ya ukoo mzima kama mtu anayejuta kuileta.

Akisubiri begi lake, alijifunza upya. Alichukua pasipoti kwa mkono wa kulia, akaupa wa kushoto, akaachia hapo hapo, bila neno. Mwanzoni mkono wa kulia ulikataa. Akarudia. Watu walimpisha. Begi lilipita mbele yake likazunguka likapita tena, naye akaendelea, mpaka mikono ikajua: kikiguswa tu, achia.

Mkwe wake alimpokea nje. Alikuwa mpole, na Kiswahili chake kilikuwa maneno machache aliyoyatumia kwa uangalifu kama pesa ya kigeni. "Karibu, mama. Pole, mama. Gari, mama." Akamtangulia akisukuma kitoroli cha mizigo.

Nyumba ilikuwa juu ghorofani, safi, sakafu ya marumaru nyeupe. Alivua viatu mlangoni akapewa ndara. Binti alikuwa amesimama amevaa soksi nene na sweta ingawa kulikuwa na joto, kwa kuwa mzazi kule hukaa ndani mwezi mzima akilindwa na baridi. Wakakumbatiana. Nyuma yake alisimama babu, mikono imenyooka ubavuni, na bibi wa kuumeni, safari hii mikono mitupu. Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake kidogo chenye magurudumu pembeni mwa sebule. Kutoka pale mlangoni Mama Kioo aliona kofia tu.

Kamusi alikuwa amesema zawadi itangulie. Akaitoa, nyekundu na pembe zake nane, akainama, akainyoosha. Bibi akapunga mikono: hapana, hapana. Mama Kioo akainyoosha tena. Hapana, hapana, kwa sauti nyembamba zaidi. Mara ya tatu bibi akasogea karibu, akatanguliza viganja viwili chini ya kisanduku, akavigusisha kidogo tu, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuimba, na akafungua mdomo.

"Ni..." akasema bibi.

Kimeguswa. Mama Kioo akaachia.

"...me..." akasema bibi, na kisanduku kikapita katikati ya mikono minne, kikashuka mpaka chini.

Sauti ile Mama Kioo aliijua kama anavyojua sauti ya mwanawe. Pande nane zilikuwa si nane tena. Na juu ya kishindo kile alisikia kidogo kingine, mlio mwembamba uliotoka peke yake kwenye kona ya karatasi iliyochanika, ukateleza juu ya marumaru na kupotea.

"...shika," akamalizia bibi, viganja vikiwa vimebeba hewa.

Hakuna aliyepiga kelele. Kila mtu alitabasamu. Babu akainama, akakiinua kifurushi kwa mikono miwili, kikalia ndani kama gunia la funguo. Akakitazama kwa kukisifia, akakiweka juu ya kabati. Zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa. Wakaketi kunywa chai.

"Mama," binti akanong'ona akimimina, "mbona umeachia?"

"Nimejifunza kuachia."

"Nani kakwambia uachie? Wiki nzima nawafundisha hawa kwamba kwetu mtu haachii mpaka useme. Mama mkwe amefanya mazoezi na sufuria. Alikuwa akilala analitamka."

Mama Kioo akamtazama bibi wa kuumeni juu ya kikombe. Bibi alikuwa ameinamisha uso kwenye chai yake, na shingo yake ilikuwa nyekundu. Aibu ilimshika Mama Kioo, lakini haikupata nafasi ya kukaa, kwa sababu ule mlio mwembamba ulikuwa bado masikioni mwake. Kipande kipo. Kiko humu, juu ya marumaru nyeupe ambako hakionekani, na hakuna mtu anayeruhusiwa kukitaja.

Kwenye kitanda kidogo mtoto akalia. Bibi akasimama. Ndara zake alikuwa amezivua chini ya meza, na soksi zake zilikuwa nyembamba kama karatasi ya peremende.

"Asitembee," akasema Mama Kioo.

Hakungoja tafsiri. Aliweka kikombe, akapiga magoti, akalala kifudifudi, shavu kwenye marumaru, akawasha tochi ya simu na kuilaza chini kabisa, kwa sababu hivyo ndivyo fundi anavyotafuta kipande: mwanga ukilala, hata chembe inatoa kivuli.

Mtoto akaacha kulia. Babu akamtazama bibi, bibi akamtazama babu. Mgeni wao amelala sakafuni. Kwa muda wa wiki nzima walikuwa wameambiwa kwamba watu hawa wana desturi zao, na huenda hii ilikuwa mojawapo, ambayo binti alisahau kuitaja. Binti alifungua mdomo ili aeleze, lakini babu alikuwa ameshaanza kushuka, goti moja, kisha la pili, akiugulia kidogo. Akalaza shavu. Mkwe akaweka sahani ya matunda, akalala karibu na babu. Mtu hamwachi mgeni peke yake chini. Na bibi wa kuumeni, aliyesimama akaganda, akachutama pale pale alipo, akajilaza upande wa pili wa kitanda cha mtoto.

Hivyo bibi wawili wakakutana uso kwa uso chini ya kitanda, mashavu sakafuni, na mjukuu wao juu ya vichwa vyao. Wakatazamana. Mama Kioo akasogeza mwanga.

Kilikuwa karibu na gurudumu, chembamba kama kucha iliyokatwa, kivuli chake kirefu kuliko chenyewe. Kilikuwa mahali hasa ambapo hatua ya pili ya bibi ingekanyaga, akiwa na mtoto mikononi. Macho ya bibi yalikitazama. Yakamtazama Mama Kioo. Yakakitazama tena, na Mama Kioo akaona jambo likiingia ndani ya uso ule na kuketi.

Bibi akakiokota kwa ncha za kucha. Akakilaza juu ya viganja viwili, akavinyoosha chini ya kitanda, akasubiri.

"Nimeshika," akasema Mama Kioo.

Ndipo bibi akaachia.

Baada ya hapo adabu zote ziliwekwa kando. Kifurushi kilishushwa kabatini kikafunguliwa mbele ya aliyekitoa. Mama Kioo akatandaza gazeti na kuanza kupanga vipande, upande kwa upande, akivilaza pamoja bila kuvigonganisha. Bibi alikaa karibu naye akimtazama mikono. Yule mvunja vitu alijua kila kipande kilikotoka. Aligusa ukingo mmoja uliokuwa na pengo, akasema, "Bado kimoja," na kabla binti hajatafsiri bibi alikuwa ameshalala chini tena na tochi. Akakipata chini ya kabati. Akakileta.

"Nimeshika."

Wakapangusa sakafu kwa tonge la mkate laini uliolowanishwa, unaonasa chembe za kioo, wakaikagua, wakaipangusa tena. Kisha bibi akamshika Mama Kioo kiwiko, akampeleka kwenye bomba la maji moto, wakanawa pamoja mpaka vifundoni, kwa sabuni, kama madaktari. Akarudi kitandani. Akainama, akamwinua mtoto, akageuka. Hakukuwa na kiti wala mito. Akamnyoosha kwa mikono miwili.

Mama Kioo alitanguliza mikono yake chini ya kile kifurushi. Kilikuwa chepesi kuliko kopo la puti, na cha moto. Akakaza.

"Nimeshika," akasema.

Bibi hakuachia.

"Nimeshika," akarudia, taratibu, asije akawa amelitamka vibaya neno la baba yake mwenyewe.

Bibi akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amesikia vizuri sana. Akaendelea kushika.

Mama Kioo hakuvuta. Alikuwa amebeba vioo na Kamusi miaka mingi, na alijua kwamba viko vioo ambavyo havijawahi kuwa mzigo wa mtu mmoja. Akasogea hatua ya pembeni. Bibi akasogea naye. Wakaipata hatua. Wakaizunguka meza, wakapita kabatini, wakafika kwenye mlango wa jikoni, na hapo Mama Kioo akasema "mlango" kama anavyosema kazini, na bibi, bila kujua neno, akageuka ubavu akapita vizuri kabisa. Babu aliwatangulia akiondoa viti njiani.

Simu ya binti ikalia. Ilikuwa karakana. Uso wa Kamusi ulijaa kwenye kioo, karibu mno.

"Vipi huko? Amepewa?"

Binti akaigeuza simu awaone wale wawili wanaorudi kutoka jikoni.

Kamusi akakodoa macho. "Sasa hapo nani amemshika?"

"Wote, mjomba."

"Mwambie mama yako asiachie mpaka mwenzake aseme."

"Wamesema wote. Hakuna anayeachia."

Kamusi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa na jibu. Nyuma yake, kwenye karakana, Shemeji akapitisha kalamu, akabonyeza. Kah. Chwaa.

Bibi wa kuumeni hakuondoa macho kwa mtoto. Alisema jambo kwa sauti ya chini.

"Amesema nini?" akauliza Mama Kioo.

"Anasema mwambie shemeji yako akate polepole," binti akajibu. "Mtoto amelala."